Kigunduzi cha metali: maana yake na kinavyosoma ardhi

Mtaani Dar es Salaam wengi hukiita "mashine ya dhahabu", na jina hilo limewapa watu matumaini yasiyo na msingi. Kigunduzi cha metali ni kifaa cha mkononi kinacholia kinapopita juu ya metali yoyote iliyofukiwa, iwe dhahabu, msumari au kizibo cha soda. Ndugu yake mdogo ni ile fimbo fupi ambayo mlinzi getini anakupitishia kiunoni, ikalia kwa sababu ya funguo mfukoni.

Ile sahani ya mviringo iliyo chini ya mpini ina koili za waya wa shaba. Koili moja inapitishiwa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, nao unatengeneza uga wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, unaozama ardhini. Uga huo ukikuta metali, unaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo inatoa uga wake dhaifu unaorudi juu. Koili ya pili inaunasa, kifaa kinalia. Ndiyo maana jiwe la kawaida, mfupa na bomba la plastiki havishtui chochote.

Kujua kitu kipo ni rahisi. Kujua ni kitu gani ndiko kugumu, na hapa ndipo wengi wanapotea. Jibu linalorudi huchelewa kidogo, na ucheleweshaji huo hutegemea aina ya metali, ukubwa wake, unene wake, hata jinsi ilivyolala. Vifaa vingi huugeuza kuwa namba, mara nyingi kati ya 0 na 99. Chuma huwa chini, fedha na shaba nene huwa juu. Katikati ni vurugu tupu: karatasi ya alumini iliyofunga chakula, kishikizo cha kopo la soda na pete ya dhahabu vinaweza kutoa namba ileile. Aliyedondosha pete ya ndoa Coco Beach, kisha akakiamuru kifaa kipuuze alumini ili asisumbuke, ameipuuza na pete yake. Hata sarafu ya shilingi 500 inaweza kumchanganya mtu, maana ni chuma kilichopakwa nikeli na sumaku inaivuta. Mchanga uliolowa maji ya bahari nao unapitisha umeme, hivyo kifaa kisichorekebishwa kitalia palipo patupu. Anza na mchanga mkavu.

Ukisikia mlio, pitisha sahani kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka mbele kuja nyuma. Mistari hiyo miwili inapokatana ndipo pa kuchimba. Sarafu hupatikana kwa kawaida ndani ya sentimeta 20 hadi 30. Kitu kikubwa husikika hata kikiwa chini zaidi. Anayekuuzia kifaa cha antena kinachodai kuona dhahabu umbali wa kilomita anakuibia. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vigunduzi bandia vya mabomu, visivyokuwa na uwezo wa kugundua chochote.

Kwa Dar, kazi ninayoithamini zaidi ni ya kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Kiwanja kilipimwa zamani, kifusi kikamwagwa, alama zikazama, na majirani wawili waliosalimiana miaka yote sasa hawaangaliani. Bikoni nyingi zina kipande cha nondo ndani ya zege. Mpima ardhi hufika karibu kwa kufuata ramani, kisha kigunduzi kinamwonyesha pa kufukua, badala ya kuchimbua uwanja mzima wa watu. Lakini mlio peke yake hauamui mpaka, kwa sababu nondo yoyote italia. Vipimo ndivyo vinavyothibitisha.

Kwenye magofu kama ya Kunduchi usiguse ardhi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda, na uchimbaji wake unahitaji kibali.

Jambo la mwisho ni la uhai. Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na mabomu yakarushwa hadi kwenye makazi ya watu. Ukifukua chuma cha duara kirefu chenye kutu, usikigonge wala kukipeleka kwa wauza skrepa. Kiache, weka alama kwa mbali, zuia watoto, piga 112. Kigunduzi hakiwezi kukwambia kama ndani kuna baruti. Wanaoweza kuitambua harufu yake ni panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO kule Morogoro: wao hunusa kilipuzi cha TNT, kwa hiyo msumari na kizibo haviwasimamishi.