Chanjo ya puani si sindano iliyobadilishwa mlango

Wengi hudhani chanjo ya mafua ya nguruwe inayopulizwa puani ni dawa ileile ya sindano, ila imepitishwa kwingine ili mnyama asiumie. Sivyo.

Chukua virusi vilivyouawa, kama vinavyotumika kwenye sindano, uvidondoshe puani mwa nguruwe hivihivi. Ute unavifagia, vingine anavimeza, vingine anavitoa kwa chafya, na mwili haujifunzi mengi. Hapo ndipo chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinapohitajika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, wamejaribu kuvifunga virusi hivyo ndani ya chembe za kitosani, kitu kinachotengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa (ndiyo, yaleyale tunayotupa jalalani). Kitosani ina chaji chanya, ute una chaji hasi. Vikikutana vinanatana, na seli za kinga zinapata muda wa kuzimeza chembe hizo.

Kinga yenyewe nayo ni tofauti. Sindano ya msuli hujaza damu kingamwili (protini za kupambana na vijidudu) aina ya IgG, zinazosaidia zaidi mapafuni kuliko puani. Chanjo ya puani inalenga kingamwili za aina nyingine, IgA, za kwenye ute, palepale virusi vinapotua. Ndiyo maana nguruwe aliyechomwa sindano anaweza asiugue sana, lakini akaendelea kuwapigia wenzake bandani chafya zenye virusi.

Na huyu si mnyama wa kupuuzwa: seli zake hupokea mafua ya ndege na ya binadamu, na humo virusi hubadilishana jeni. Mafua ya H1N1 yaliyoenea duniani mwaka 2009 yalitokana na virusi vya nguruwe.