Hakufa kwa majonzi, Mangi

Jumatatu, hata chai sijamaliza, akaingia mteja na boksi la viatu lililotobolewa juu. Ndani yumo lavubedi mpya, yaani kasuku mdogo wa kufuga, kanunuliwa jana yake. "Dokta, yule wangu mmoja alikufa Ijumaa. Nimewahi kumletea huyu aliyebaki mwenzake, asije naye akafa kwa majonzi."

Nikamuuliza maiti iko wapi. Kaizika chini ya mgomba. Tundu limeoshwa? Limepanguswa. Na huyu wa kwenye boksi amekuja nini kwangu? Kukatwa kucha.

Mwaka huu nimeacha kuhesabu wateja wa namna hii. Nayaandika hapa ili mwingine akija nimtumie kiungo, mimi nimalize chai yangu.

Ndege wawili wakifa wakifuatana ndani ya wiki moja, msiniletee habari za mapenzi. Walikunywa kikombe kimoja, walivuta hewa moja, walitafuna waya mmoja. Mume na mke wakilazwa siku moja baada ya kula sahani moja, nani husema ni kwa sababu wanapendana sana? Huulizwa walikula nini.

Hapa Moshi nianze na jiko. Ikifika Juni baridi ya mlima inashuka, madirisha yanafungwa, jiko la mkaa linaingizwa ndani, na tundu liko juu ya kabati la jikoni "apate joto". Mapafu ya ndege hupata hewa mpya anapovuta na anapotoa pumzi. Moshi unaokuumiza wewe kichwa tu, yeye unamwangusha. Kikaangio kisichogandisha kikiachwa motoni kikaungua ni hivyo hivyo, hata moshi hutauona. Kuna parachichi, ambalo huku kila mtu analo uani na kila mtu anadhani ni zawadi: kwa kasuku na jamaa zake ni sumu. Kuna waya mpya wa mabati kutoka kwa fundi, unaong'aa vizuri. Wanaulamba na kuutafuna, zinki inaingia mwilini. Vyote hivi huua wa kwanza, kisha wa pili, na vinamsubiri wa tatu aliye kwenye boksi la viatu.

Halafu kuna klamidia ya kasuku, ugonjwa wa bakteria. Ndege anaweza kuisambaza kwenye kinyesi huku anaimba. Nayo humpata binadamu, huja kama mafua makali na kushuka hadi mapafuni. Wa nne hapo ni wewe.

Kwa hiyo usizike. Mtie kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye kopo lenye mfuniko, weka kwenye friji upande wa chini, si kwenye barafu, maana barafu inaharibu kile ninachotafuta. Mlete siku hiyo hiyo au kesho yake. Najua mama mwenye nyumba atauliza anafanya nini karibu na maziwa. Mwambieni ni agizo la daktari. Tukikwama, Wakala wa Maabara ya Veterinari wana kituo Arusha.

Sasa nisije nikaambiwa sina moyo. Upweke upo. Lavubedi aliyebaki huita kutwa nzima, wengine hujing'oa manyoya. Lakini anayekula hatakufa kesho. Mpime kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni: mzima ana gramu 50 hivi, akipungua 5 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, njoo haraka. Asipopungua, muwekee redio, kaa naye, msubiri.

Kuna jike mmoja nilimpasua, alikufa siku 11 baada ya dume wake. Gole, ini, mapafu, vyote safi. Maabara nayo haikupata kitu. Mwenye ndege akaniuliza kama ni majonzi. Nikamwambia sijui, na mpaka leo sijui. Ila huyo ni mmoja, na kwa huyo mmoja sitawaruhusu mkanunue ndege siku ya msiba.

Karantini: vitabu vingi vinasema siku 30. Mimi nasema 45, chumba kingine kabisa, na unamhudumia wa zamani kwanza ndipo uende kwa mgeni. Hata hiyo 45 si Msahafu. Virusi vya ugonjwa wa manyoya vinaweza kujificha zaidi ya hapo. Na msidhani ninahubiri nikiwa msafi. Miaka ya nyuma nilimtoa wangu siku ya 12 kwa sababu "anaonekana mzima". Ndege huficha ugonjwa, hilo nawafundisha wengine kila siku. Nilipoteza wawili.

Tundu: sugua kwa sabuni kwanza, jiki baadaye. Jiki juu ya kinyesi ni kupoteza hela. Vijiti vya zamani choma, kata vipya vya mpera.

Kumchagua ndege mpya ni kazi ndogo. Aina ile ile. Papasa kidari: mfupa ukikaa kama kisu, mrudishe. Mkia ukicheza kila anapopumua, mrudishe. Muuzaji anayekuambia dume au jike kwa kumtazama lavubedi wa Fischer usoni anabahatisha. Hawatofautiani kwa macho. Na kwa kuwa Fischer ni wa porini hapa hapa kaskazini, anayekuuzia kwa bei ya kutupa muulize kibali, maana Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haitajali kwamba ulikuwa kwenye majonzi.

Mangi wa boksi la viatu aliondoka na kucha zimekatwa, ndege akahamishiwa chumba cha kijana wake wa kidato cha tatu. Leo ni siku ya 19. Kijana ameniandikia mwenyewe, anauliza kama 45 inaweza kupunguzwa, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri mgeni ameshaanza kelele.