Melody Maker ni gitaa gani hasa?

Ukiskia mtu hapa Kisumu anasema gitaa ya zamani ya kampuni ya Gibson ni ya matajiri tu, huyo hajapatana na Melody Maker. Ni gitaa ya umeme Gibson walianza kuuza 1959 wakilenga wanafunzi na watu wa mfuko mdogo, na ilitoka kiwanda kile kile cha Kalamazoo, Marekani, kilichokuwa kinatengeneza gitaa zao za Les Paul za bei kali, mbao ni mahogany vilevile na shingo imeshikwa na gluu si skrubu.

Walichopunguza ni mapambo. Mwili ni ubao bapa tu, mwembamba, kichwa kidogo, pikapu (kile kifaa kinanasa sauti ya nyuzi) ya koili moja ndani ya plastiki. Alafu hapa ndio naipendea kabisa: pikapu, volyum, waya, hadi pale unachomeka kebo, zote zimefungwa kwa ile sahani ya plastiki iko mbele ya mwili, kwa hivyo fundi akitoa skrubu, mtambo wote unainuka pamoja na anauona wote mezani.

Za kwanza mwili umekatwa upande mmoja tu kando ya shingo, 1961 wakakata pande zote mbili, 1966 ikachukua umbo la SG, gitaa ingine ya Gibson, lenye pembe kali. Yenye D kwa jina ina pikapu mbili, kuna ya shingo fupi ya watoto, na miaka ya mwisho ikaja ya pikapu tatu na hata ya nyuzi 12, mpaka 1971 SG-100 na wenzake wakachukua nafasi yake.

Kwa solo ya benga mimi naona inafaa sana juu kila noti inaskika peke yake, haivurugiki hata ukikimbia. Shida iko kwa daraja, pale nyuzi zinashikwa kwa mwili. Ni chuma kimoja nyuzi zote zinakizunguka, huwezi kurekebisha urefu wa uzi mmoja mmoja ndio noti zikae kwa tuni, na msolo wa benga anaishi huko juu ya shingo ambako kosa ndio linaskika, so kabla ulipe piga uzi wazi alafu ubonyeze freti ya 12 (kile kichuma cha 12 kwa shingo), ukiskia si noti ile ile ikiwa juu zaidi, zinapishana sana, ongea bei upya.

Nyingi zimebadilishwa pikapu, hata ile nyeupe ya mwanamuziki wa rock Joan Jett iliwekwa ya koili mbili. Mkusanyaji atakataa hiyo, lakini wewe unataka kupiga, na iliyochongwa kuongeza nafasi ya pikapu huwa bei iko chini, bora shingo imenyooka.