Nani Anashika Kisu? Dhana Potofu Kuhusu Roboti za Upasuaji

"Roboti ndiyo inayopasua, daktari anatazama tu."

Sivyo. Kwenye mtambo wa da Vinci, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2000, daktari huketi kando, macho kwenye kioo cha mtambo, vidole kwenye vishikio. Mkono wake unavyokwenda ndivyo vifaa vilivyo tumboni mwa mgonjwa vinavyokwenda, ila kwa mwendo mdogo zaidi na bila mtetemo. Akiinua uso kutoka kwenye kioo, vifaa husimama palepale. Kuchuja mtetemo ni hesabu za kawaida za kompyuta. Mashine haiamui pa kukata.

"Basi akili mnemba haimo kabisa."

Imo, na hapa ndipo penye mengi. Kazi yake kubwa kwa sasa ni kutazama. Wataalamu huchukua video za operesheni halisi na kuziwekea alama: kifaa hiki ni kipi, hatua hii imeanzia wapi. Mkusanyiko mmoja unaofahamika sana kwa watafiti, Cholec80, una video 80 za kuondoa mfuko wa nyongo. Programu iliyojifunza kwa video za namna hiyo hutambua operesheni imefika wapi, na nyingine hupaka rangi sehemu isiyofaa kuguswa. Si msaada mdogo huo, maana ajali inayoogopwa hapo ni kukata mrija mkuu wa nyongo kwa kudhani ni ule mdogo wa mfuko. Lakini mashine inajua ilichoonyeshwa tu. Ikikuta nyama zilizovimba na kuvuja damu, ambazo haikuzizoea, inaweza kuonyesha mahali sipo. Ndiyo maana nikisikia programu imesifiwa kwa usahihi, mimi huuliza kwanza: ilijifunza kwa wagonjwa wa aina gani?

"Hakuna roboti iliyowahi kufanya kazi yenyewe."

Zipo. Mwaka 1992 ROBODOC ilianza kuchonga mfupa wa paja, kwa mpango uliowekwa na daktari, ili nyonga bandia ipate kukaa. Mfupa ni mgumu, ukifungwa unatulia. Utumbo huteleza na kubadilika umbo kila unapoguswa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walieleza jinsi roboti yao, STAR, ilivyounganisha utumbo wa nguruwe hai, chini ya usimamizi wa binadamu. Mwaka 2025 nyingine ya chuo hicho, iliyojifunza kwa video, ilibana na kukata mirija kwenye mifuko 8 ya nyongo iliyotolewa kwa nguruwe waliokufa. Ilifaulu yote, ingawa ilichukua muda mrefu kuliko daktari. Hayo ya nguruwe ni ya maabara bado.

"Umeme ukikatika, mgonjwa amekwisha."

Mtambo una betri ya akiba, na timu iliyo kitandani inaweza kuondoa mikono ya roboti na kuendelea yenyewe.

"Kwa roboti ni bora siku zote."

Mwaka 2018 utafiti mkubwa kuhusu saratani ya shingo ya kizazi ulionyesha kwamba wanawake waliopasuliwa kwa matundu madogo, baadhi yao kwa roboti, walirudiwa na ugonjwa na kufariki kwa wingi zaidi kuliko waliofanyiwa upasuaji wa wazi. Ukishauriwa roboti, muulize daktari amefanya operesheni hiyohiyo mara ngapi, na wagonjwa wake walitoka vipi.