Je, wajua watoto wa Cheung Chau huelea vipi juu ya ncha ya upanga?

Mtoto wa miaka mitano hivi, kavaa joho la hariri na kofia ya jemadari wa kale, amesimama kwa mguu mmoja juu ya ncha ya upanga. Upanga wenyewe uko mkononi mwa mtoto mwingine aliye chini yake. Wote wawili wanasukumwa njiani juu ya gari, matoazi yanalia, na yule wa juu anawapungia mkono watu walio madirishani. Ndiyo piu sik hiyo: “piu” ni kuelea, “sik” ni rangi, na hapa ina maana ya onyesho. Hufanyika katika kisiwa cha Cheung Chau, Hong Kong, siku ya nane ya mwezi wa nne wa kalenda ya Kichina, ambayo kwa kawaida huangukia Mei.

Ni nini kinachomshikilia?

Wengi hujibu upesi kwamba watoto hawa ni wanasarakasi waliofunzwa tangu wadogo. Sivyo. Ni watoto wa kawaida, na wanaotafutwa hasa ni wepesi wa kilo na wasioogopa kwenda juu. Wengine husema kuna uzi mwembamba usioonekana. Lakini uzi huo ungefungwa wapi? Juu ya kichwa cha mtoto hakuna kitu ila anga, na gari linatembea.

Kosa gumu kuondoka ni la tatu: kwamba mtoto wa chini ndiye anayembeba wa juu. Hata anayejua kuwa kuna ujanja hubaki akidhani huyu wa chini anasaidia kidogo. Chukua mfuko wa kilo 18, ambao ni uzito wa mtoto wa miaka mitano, uushike kwa mkono ulionyooka mbele. Mpagazi wa bandarini atauteremsha kabla ya dakika tatu kwisha, sembuse mtoto, tena njia nzima. Mtazame yule wa chini: hajakunja uso, shingo haijakaza, na kichwa anakigeuza atakavyo. Mkono wake haubebi hata gramu moja.

Anayebeba ni chuma. Katika mji wa Shawan, ulio ndani ya jiji la Guangzhou kusini mwa China, ambako sanaa hii nayo ina mizizi mirefu, chuma hicho huitwa sik gang. Mtoto wa chini huitwa ping na wa juu piu. Ufuate kutoka chini. Chuma kimefungwa imara kwenye sakafu ya sanduku la gari. Kinapanda ndani ya nguo za mtoto wa chini, kinapita begani, kinatokea kwenye mkono wa joho, na hapo kinavikwa umbo la upanga, upepeo au tawi la ua. Kisha kinaingia kwenye suruali ya mtoto wa juu, kinapanda sambamba na mguu wake hadi kiunoni. Hapo juu kuna kikalio kidogo na mikanda. Kwa hiyo mtoto unayemwona amesimama, kwa kweli ameketi. Fikiria kiti cha baiskeli juu ya nguzo yake: mtu amekikalia, mguu umenyooka chini, halafu suruali pana imefunika kiti, nguzo na mguu pamoja. Kiatu kinachogusa ncha ya upanga ni pambo tu, na mara nyingine hakina mguu ndani.

Bado kuna suala la mizani, na hapa ndipo ufundi ulipo. Tuseme sanduku lina upana wa sentimita 80, na mtoto yuko sentimita 60 kutoka katikati. Amepita ukingo kwa sentimita 20. Kilo 18 zake mara 20 ni 360; gawanya kwa 40, ambao ni umbali wa kutoka katikati hadi ukingo, unapata kilo 9. Hicho ndicho kiasi cha chini kabisa ambacho sanduku na vilivyomo vinapaswa kuwa nacho ili gari lisipinduke likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare. Kila sentimita 10 za kumsogeza nje zaidi zinaongeza kilo nne na nusu. Mchukuzi wa mzegazega analijua jambo hili bila hesabu: ndoo ya upande mmoja ikijaa, ya pili nayo lazima ijae.

Lakini njia haiko tambarare, na gari halisimami taratibu kila mara. Likisimamishwa ghafla, sanduku linatulia ilhali mtoto aliye juu anaendelea na safari yake, na urefu wote wa chuma unageuka mtaimbo wa kuling'oa gari. Ndiyo maana wasukumaji huenda mwendo wa kobe, na sanduku hutiwa uzito mwingi kuliko hesabu inavyodai. Fundi stadi hufanya zaidi: huutoa upanga upande mmoja, kisha hukikunja chuma ili mwili wa mtoto urudi juu ya sanduku. Jicho linamwona yuko pembeni, uzito wake umo katikati. Chuma kikishindwa, hushindwa kwenye kona hizo, si penye kunyooka, kwa hiyo hapo ndipo huhitaji kuwa kinene.

Maandamano haya ni sehemu ya ibada ya siku kadhaa, mbele ya hekalu la Pak Tai, mungu wa kaskazini na maji, lililojengwa 1783. Simulizi za asili zinapishana. Inayosikika zaidi inataja tauni iliyokoma baada ya sanamu za miungu kuzungushwa vichochoroni, ila ushahidi wa maandishi ni haba. Wakazi huacha nyama, na minara hupambwa kwa vimikate vyeupe vya mvuke vyenye mhuri mwekundu wa neno “amani”. Mnara mmoja ulianguka 1978 na kujeruhi watu zaidi ya 20, mashindano ya kuupanda yakapigwa marufuku hadi 2005. Sasa mnara wa mashindano ni wa chuma. Tangu 2011 tamasha limo katika orodha ya China ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ukitaka kukiona chuma, simama ubavuni, si mbele. Tazama suruali ya mtoto wa juu upepo wa bahari unapovuma: kitambaa hubanwa upande mmoja, na mstari mnene ulionyooka hujichora kuanzia kifundo hadi nyonga, mahali ambapo mguu wa mtoto ungekuwa na goti.