Sindano ya kuchukua kinyama kwenye ini: hatari zake ni zipi hasa?

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alimleta baba yake kliniki, mzee ana uvimbe kwenye ini wa kama sentimita nne hivi, na nilipotaja tu neno biopsi, yani kuchukua kinyama kwa sindano, kijana akanivuta pembeni akaniambia dokta, nyumbani wamekataa, wanasema uvimbe wa kansa ukichomwa sindano unasambaa mwili mzima, ni kweli? Swali hili naulizwa karibu kila kliniki, na nimeona bora niliandike kabisa manake jibu lake sio la neno moja.

Kwa kansa inayoanzia kwenye ini lenyewe, ile tunayoiona sana huku kwetu kwa watu walioishi na hepataitisi B miaka mingi, hao wa nyumbani hawajakosea kabisa. Sindano ikitoka inaweza kuacha chembe chache za kansa njiani, kwenye msuli au chini ya ngozi, zikaota hapohapo. Sio mwili mzima, ni kwenye njia iliyopita sindano. Kuna mapitio ya tafiti yalichapishwa 2008 kwenye jarida la Gut, yalikuta inatokea kwa asilimia 2.7, yani hawafiki 3 kwa kila wagonjwa 100. Kinundu kinaweza kujitokeza baada ya mwaka na zaidi, kwahiyo mi huwa nawaambia wagonjwa wajishike pale kwenye kovu mara kwa mara, wakihisi kitu kigumu waje, mara nyingi kinakatwa. Ila kama uvimbe bado ni mdogo na mtu anaweza kufanyiwa upasuaji akapona, hiyo 2.7 kwangu ni kubwa sana, siwezi kuichukulia poa.

Ndio maana picha kwanza. Sio altrasaundi peke yake, nasema CT skani ya ini yenye awamu zote, unapigwa dawa ya mshipani na mashine inapiga picha mara kadhaa kadri dawa inavyopita. Mtu mwenye sirosisi, yani ini lililojaa makovu, au hepataitisi B ya muda mrefu, akiwa na uvimbe wa sentimita 1 au zaidi, ukawaka sana wakati dawa iko kwenye ateri, alafu baadae ukafifia kuliko ini linalouzunguka, hiyo ni kansa ya ini na tunaanza matibabu bila kumtoboa. Kinachoniuma ni kwamba watu wengi wanakuja na CT ya tumbo ya awamu moja tu, wameuza mpaka mbuzi kuilipia, na hiyo picha haiwezi kujibu swali, inabidi nimwambie mtu akapige tena. Jamani mkiandikiwa CT kwa ajili ya uvimbe wa ini ulizeni kabla ya kulipa, hii ni ya awamu ngapi?

Hatari inayonipa wasiwasi zaidi siku yenyewe ni damu. Ini limejaa damu, na mwenye sirosisi damu yake haigandi vizuri, alafu pletileti zake, zile chembe za kugandisha damu, ziko chini. Kwahiyo kabla ya kushika sindano lazima nione vipimo vya kuganda kwa damu na nijue dawa zote unazotumia, zile za kuzuia damu kuganda kama wafarini na klopidogreli, hata ile aspirini ndogo ya moyo ambayo watu hawaisemi kwa sababu wanaona sio dawa. Na mitishamba pia, siwezi kukugombeza, niambie tu. Uvimbe ukiwa juujuu siuchomi moja kwa moja, napitisha sindano kwanza kwenye sehemu ya ini isiyo na ugonjwa ili hilo ini lizibe njia ninapotoka. Kama tumbo limejaa maji au damu haigandi, kuna njia ya kupitia mshipa wa shingo, ila hiyo inafaa zaidi kuchukua kinyama cha ini lenyewe kuliko kuulenga uvimbe.

Vifo vipo ila ni vichache, tunakadiria kama 1 kwa kila biopsi 10,000 za ini, na kwa mwenye kansa hatari inapanda juu ya hapo. Utafiti wa Italia wa 1986 uliopitia biopsi 68,276 ulikuta asilimia 61 ya matatizo yalitokea ndani ya saa 2 za mwanzo, na 96 ndani ya saa 24. Sasa unaelewa kwanini nesi anakupima presha kila baada ya dakika kadhaa na hakuruhusu kuinuka kitandani hata kama unajisikia mzima.

Maumivu ya bega la kulia yasikutishe, kiwambo kilicho juu ya ini kinashea mishipa ya fahamu na bega. Ila maumivu ya tumbo yanayozidi, jasho la baridi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, hapo usisubiri asubuhi.

Kuna uvimbe mwingine sitaki kabisa uchomwe kwa kubahatisha. Hemanjioma ni fundo la mishipa ya damu, sio kansa, na inaweza kuvuja vibaya. Na ule mfuko wa maji wa minyoo ya mbwa, ambao wafugaji wa Turkana wanaujua vizuri kuliko madaktari wengi, ukitobolewa bila maandalizi maji yake yanaweza kuleta mzio mkali wa kuua.

Alafu jibu likirudi limeandikwa hakuna kansa, msifanye sherehe bado. Uvimbe mdogo sindano inaweza kuukosa, nikachukua kinyama cha ini la pembeni lisilo na ugonjwa.

Yule mzee CT yake ya awamu zote ilikuja haifanani na kansa ya ini, hepataitisi hana, ini lake halina makovu, kwahiyo picha peke yake isingetosha na nikamweleza mwanae mbele yake kwanini safari hii sindano inahitajika. Tumemfanyia juzi. Kijana alikaa pembeni ya kitanda anahesabu masaa, bega lilimsumbua mzee kidogo mpaka jioni likaacha, damu haikuvuja. Majibu ya maabara tunayasubiri wiki ijayo.