Bibi yule hakukosea

Juzi, kwenye boti ya kutoka Mokowe, bibi mmoja alisogea kumpa nafasi kijana aliyesimama na mkoba wake mgongoni. "Ndoo, mwanangu, ndoo ukae hapa." Kijana akacheka, tena kwa wema kabisa, akamwambia: "Bibi, ni njoo. Ndoo ni ya maji." Abiria wawili watatu wakacheka naye. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa: "Njoo."

Nimefundisha Kiswahili hapa Amu, yaani Lamu, miaka 23. Maneno ya kijana yule nimeyasikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, kwa wageni wa harusi, hata kwa watu waliokuja kukagua shule. Nimezoea kuyajibu kwa mdomo na kuendelea na shughuli zangu. Ila sura ya bibi alipokuwa akijisahihisha, kwa lugha aliyoizungumza tangu kuzaliwa, imenikosesha usingizi. Basi leo naandika.

Bibi hakukosea. Alisema Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya hapa Lamu, na alikisema sawasawa.

Kanuni zenyewe nitazipitia haraka, maana hazina ugumu. Penye nj ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, Kiamu huweka nd: njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Penye ch huja t: macho ni mato, mchele ni mtele, chini ni tini, machozi ni matozi, kucheka ni kuteka, nchi ni nti. J hugeuka y au huanguka kabisa: jana ni yana, moja ni moya, juu ni yuu, maji ni mai, jiwe ni iwe, jino ni ino. Mtu anayeharibu lugha haharibu kwa mpango wa namna hii. Huharibu hapa, akapatia pale.

Lakini kuna jambo moja ambalo wanaotuiga hulikosa kila mara, na ndilo linaloonyesha kwamba kuna akili inayofanya kazi hapa. Mgeni akishagundua kwamba macho ni mato, huanza kuigeuza kila ch aionayo. Atasema "tombo" akidhani ndiyo chombo. Hakuna Mwamu anayesema hivyo. Chombo ni chombo Amu, na ni chombo Unguja, na chuo vilevile ni chuo. Kwa nini? Kwa sababu ch ya chombo imetokana na kiambishi ki- kilichokutana na irabu. Uliza wingi wake, ni vyombo, na chuo ni vyuo. Ch ya macho haina ki- ndani yake. Ni sauti ya kale ya Kibantu iliyopita njia mbili: Unguja ikawa ch, huku kwetu ikawa t. Mzungumzaji wa Kiunguja hutamka ch zote mbili kwa namna moja na hawezi tena kuzitenganisha kwa sikio. Bibi ambaye hajakanyaga shule huzitenganisha kila siku, sokoni na jikoni, bila kukosea hata mara moja. Huyo ndiye tuliyemcheka kwenye boti.

Kwa hiyo mato haikutokana na macho, wala macho haikutokana na mato. Hakuna iliyoharibika ikawa nyingine. Ni ndugu wa tumbo moja.

Watu hunijibu: sawa, lakini sanifu ni sanifu. Naam. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ya kusimamia kamusi na vitabu vya shule. Wako waliokitetea Kimvita, lahaja ya Mombasa, hawakufua dafu. Kiunguja kilikuwa kimeshasambazwa bara na misafara ya biashara, kwa hiyo kukichagua kulirahisisha kazi. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mimi mwenyewe nakula kwa Kiswahili sanifu, na sasa hivi naandika kwacho ili msomaji wa Kigoma na wa Kisumu anielewe. Ninachokataa ni kuugeuza uamuzi wa kurahisisha uchapaji wa vitabu kuwa hukumu juu ya nani ana ulimi mzuri na nani ana ulimi mbovu. Kamati ilichagua lahaja moja. Haikuzifuta nyingine, wala haikuwa na uwezo huo.

Sasa nifike kwenye kinachonikera kuliko vyote, nacho kiko darasani kwangu mwenyewe.

Katika somo la ushairi tunawafundisha wanafunzi "uhuru wa mshairi". Inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kubadili herufi zake), kuboronga sarufi, na mwisho wa orodha, matumizi ya lahaja. Mwanafunzi akikuta mato au moya katika shairi, hufundishwa kuandika kwamba mshairi ametumia uhuru wake. Anapata alama. Lakini uhuru wa kukiuka nini? Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakukiuka chochote. Alisema na mwanawe kwa lugha ya visiwa hivi. Usanifishaji ulikuja miaka 70 baadaye. Na kwa muda mrefu Kiamu ndicho kilichokuwa lugha ya utungo; hata washairi wa Mombasa walikopa maumbo yake walipotunga, kwa kuwa ndiyo yaliyohesabiwa kuwa lugha ya heshima. Kumpa Mwana Kupona "uhuru" wa kusema lugha yake ni kumsamehe mtu ambaye hakutenda kosa.

Na tazama yanayompata mtoto. Jumatatu amepata alama kwa kulitambua neno mato katika shairi. Jumatano ameandika insha, kalamu ikamponyoka akaandika mato, nikamzungushia duara jekundu. Neno ni lilelile, kijiji ni kilekile, na huenda mtunzi wa shairi lile alikuwa jirani wa babu yake. Msichana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kwani hadi nife ndiyo iwe sawa?" Sikumjibu siku ile. Wala leo sina jibu zuri.

Maana bado nalizungusha duara lile. Mtahini wa mtihani wa taifa hatamwona mtoto, ataiona karatasi, na sina haki ya kuuchezea mustakabali wake kwa ajili ya msimamo wangu. Ninachofanya ni kuandika pembeni "Kiamu", pasipo neno "kosa", kisha naonyesha umbo la sanifu. Je, mtoto huiona tofauti hiyo, au huona wino mwekundu tu? Nahofia huona wino.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Sera ya shule inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mtoto wa kijiji cha Wakikuyu anatambuliwa kuwa ana Kikuyu, na kwamba Kiswahili kitakuja kama lugha ya pili. Mtoto wa Amu huambiwa kwamba lugha yake ni Kiswahili, basi ana bahati, amefika na mtaji. Kisha siku ya kwanza anasahihishwa mai, anasahihishwa yana, anasahihishwa ino, na hakuna aliyemweleza kwamba anajifunza namna ya pili ya kusema. Anaondoka akiamini kwamba nyumbani kwao hawajui kuzungumza. Nimewaona watoto wanaomwonea haya nyanya yao mbele ya wenzao. Hayo hawakuzaliwa nayo.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze na ilinde uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Na katika hafla zetu hapa neno linalopendwa ni "kuvumiliana": tuvumiliane makabila, tuvumiliane dini, tuvumiliane desturi. Nia ni njema, nami hupiga makofi. Lakini mimi huvumilia jua la saa saba na ino linaloniuma. Anayeivumilia lugha ya mwenzake anangoja imalizike. Kijana wa kwenye boti alimvumilia bibi vizuri sana, alitabasamu muda wote. Heshima ingemtaka afikirie, walau kwa pumzi moja, kwamba huenda bibi anajua asilolijua yeye.

Na nisiwasingizie wageni peke yao, kwa sababu jambo hili lina upande unaotuuma sisi wenyewe. Sisi Waamu tunalalamika kwamba bara wanatucheka, ilhali hapahapa Mkunguni, barazani, nimesikia Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, kikiigizwa ili watu wavunjike mbavu. Mbajuni akishuka na samaki wake kutoka Faza au Kizingitini, kuna atakayerudia maneno yake kwa sauti ya kumdhihaki. Tunawafanyia yaleyale, na tunajitetea kwa jibu lilelile: ni mzaha tu. Waboni wa bara yetu hatuwachekei hata lugha, maana wengi wetu hatujui kama wana lugha. Nimeishi karibu nao maisha yangu yote, na katika Kiaweer, lugha yao, siwezi kumwamkia mtu.

Hilo najilaumu kwalo. Kitikuu nimekisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilikifundisha kwa sentensi moja, kwenye orodha ya lahaja, kati ya Kisiu na Kiamu.

Muhula uliopita nilichora safu mbili ubaoni, Kiamu upande mmoja, sanifu upande wa pili, nikawaita wanafunzi wajaze. Walipomaliza, mvulana wa Kizingitini aliyekaa nyuma, ambaye huzungumza kwa nadra, aliinua mkono akaomba chaki. Akachora safu ya tatu. Darasa likaanza kucheka, nikalitazama, likanyamaza. Akaandika neno moja baada ya jingine mpaka chini ya ubao, kengele ikalia akiwa bado anaandika. Maneno mengine sikuyajua. Nilimwomba asifute, nikachukua daftari langu, nikaketi kwenye dawati la mbele na kuyanakili.